Fundi Mitambo Asiye na Jina: Mwanafunzi, Sauti na Mwanga katika Historia ya Sanaa za Maonyesho Tanzania

1.0 Utangulizi

Tamthilia ya Kiswahili imechunguzwa kwa mapana tangu miaka ya 1970. Wahakiki wamejadili dhamira, wahusika, muundo na lugha yake. Wamelinganisha maandishi ya Ebrahim Hussein na ya Penina Muhando. Tena wamepima ni kwa kiasi gani kila mtunzi alichota kutoka katika fasihi simulizi. Katika mijadala hiyo, tamthilia huchukuliwa mara nyingi kuwa ni kitabu. Inaposomwa darasani, hakuna anayelazimika kuuliza ni nani aliyewasha taa, ni nani aliyebeba nguzo hadi jukwaani, wala ni nani aliyehakikisha kwamba mtazamaji wa safu ya nyuma anayasikia maneno. Maswali hayo hujitokeza pale tu mchezo unapoigizwa. Katika vyuo vya Afrika Mashariki, waliotakiwa kuyajibu kwa mikono yao walikuwa, kwa sehemu kubwa, wanafunzi.

Mhadhara huu unakusudia kuifuatilia kazi hiyo ya wanafunzi katika Tanzania, hususan kazi ya sauti. Hoja yake kuu ni kwamba chombo cha kukuzia sauti si mzigo usio na upande. Mahali kinapowekwa, na mtu anayewekewa, huamua ni nani atakayesikika katika onyesho, na kwa njia hiyo hubadilisha hata umbo la sanaa yenyewe. Hoja ya pili inatokana na hiyo ya kwanza: kwa kuwa kazi hii haikupewa nafasi katika uhakiki, istilahi zake za Kiswahili zimebaki zimetawanyika, na mwanafunzi wa leo huufanya ufundi ambao lugha yake ya darasani haijautaja sawasawa.

Wilaya ya Kilosa, pamoja na kituo chake cha Munisagara, imechukuliwa kuwa mahali pa kupimia hoja hizi. Sababu zake zitaonekana katika sehemu inayofuata.

2.0 Ufundi wa kiwanjani: Ukaguru na Usagara

Penina Muhando, aliyekuja kujulikana zaidi kwa jina la Penina Mlama, alizaliwa mwaka 1948 huko Berega katika nchi ya Ukaguru, wilayani Kilosa. Mwaka 1981 alichapisha makala kuhusu digubi, ngoma ya Wakaguru, akiieleza kuwa ni sanaa ya maonyesho iliyokamilika kwa masharti yake yenyewe. Tasnifu yake ya uzamivu, aliyoikamilisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1983, ilichunguza sanaa za maonyesho za Wakaguru kama chombo cha elimu. Kwa hiyo Kilosa ni mojawapo ya sehemu ambazo kwazo nadharia ya sanaa za maonyesho ya Tanzania iliandikwa kutokana na kiwanja cha kijiji, wala si kutokana na ukumbi.

Jambo lisilotiliwa mkazo wa kutosha ni kwamba kiwanja cha ngoma kina ufundi wake. Ngozi ya ngoma hulegea inapopata unyevu wa usiku, na sauti yake ikashuka. Kwa hiyo wapigaji huipasha moto mpaka ikaze na kurudi katika sauti inayotakiwa. Huo ni urekebishaji wa chombo, nao huhitaji sikio lililofunzwa. Watazamaji hujipanga duara, na miili yao huwa ukuta unaozunguka mahali pa kuchezea, huku kila mmoja akiwa karibu na mchezaji kwa kadiri inayowezekana. Moto uliowashwa ni taa, na pia ni kifaa cha kupashia ngoma. Mwimbishaji hutoa mstari mmoja, na umati huupokea; hivyo ujumbe ambao sauti ya mtu mmoja isingeufikisha mbali hupelekwa na sauti za watu wengi. Kiitikio, kwa maana hiyo, ni pambo la utunzi na wakati huohuo ni njia ya kukuza sauti.

Umuhimu wa njia hizo hueleweka vema zaidi ukizingatiwa uwanja wa wazi wenyewe. Mahali pasipo na kuta wala dari, kila umbali kutoka kwa msemaji unapoongezeka maradufu, nguvu ya sauti hupungua kwa takriban desibeli 6. Anayesikika vizuri kwa mtu aliye mita 5 mbele yake atakuwa amepoteza desibeli 12 hivi kwa mtu aliye mita 20. Ukumbi humsaidia msemaji kwa kuirudisha sauti yake kutoka ukutani. Kiwanja hakirudishi kitu.

Munisagara ni mfano mzuri wa mahali pa namna hiyo. Ni kituo cha reli ya kati katika bonde la mto Mkondoa, kati ya Kilosa na Kidete, na jina lake linabeba kumbukumbu ya Usagara. Reli hiyo, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Ilileta katika bonde hilo abiria, mizigo na habari. Lakini umeme haukufuata reli kila ilikopita. Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007, miaka mia moja kamili baada ya reli kufika Morogoro. Katika muda wote uliotangulia, kundi la wanafunzi ambalo lingeshuka katika kituo kama hicho na kutaka kuigiza lingepaswa kuchagua: kuja na jenereta na mafuta yake, au kujifunza kwa wenyeji namna ya kusikika bila hayo.

3.0 Ukumbi wa chuo na wanafunzi wake

Mchezo wa kuigiza wa jukwaani ulioletwa na wakoloni ulikuja na jengo lake. Vilabu vya walowezi na maofisa wa Kiingereza viliigiza katika kumbi zenye pazia, taa za umeme na viti vilivyotazama upande mmoja. Shuleni, michezo iliigizwa kwa kufuata mtindo huohuo. Kijana aliyeshiriki alijifunza kwamba mtazamaji hukaa kimya gizani na mwigizaji husimama kwenye mwanga. Mpaka huo kati ya giza na mwanga ni kazi ya taa, kiwanjani haukuwapo.

Mwaka 1967 sanaa za maonyesho zilianzishwa kuwa idara katika chuo kilichokuwapo Dar es Salaam, ambacho mwaka 1970 kilikuwa Chuo Kikuu kinachojitegemea. Mwaka huohuo wa 1967 ndio wa Azimio la Arusha, na ndio wa kuundwa kwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Wanafunzi wa idara hiyo walisomea fani ambayo haiwezi kufanyiwa mtihani kwa kalamu peke yake. Onyesho huhitaji watu wa kushona maleba, kujenga mandhari, kupanga taa, kutunza vifaa na kutoa ishara kwa wakati wake. Mwanafunzi aliyekuwa mfalme katika mchezo mmoja angeweza kuwa mshika pazia katika mwingine.

Tamthilia zilizotungwa katika mazingira hayo zinaonyesha kwamba watunzi walijua watakayoyadai kwa mafundi wao. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotolewa mwaka 1969, inahusu vita vya Maji Maji vilivyoanza mwaka 1905. Ndani yake mhusika mkuu anachukuliwa na pepo Hongo katika mto Rufiji, na anaporudi anasema maneno ambayo baadaye yeye mwenyewe anayatilia shaka. Msomaji huyapata maneno hayo yamechapwa sawasawa na maneno mengine. Jukwaani, lazima mtu aamue jinsi sauti ya mtu aliyepagawa itakavyotofautiana na sauti ya mtu mwenye mashaka, na jinsi kelele za umati zitakavyopandishwa bila kuyafunika maneno ambayo tamthilia nzima inayategemea. Uamuzi huo ni tafsiri ya matini, hata kama anayeufanya hajulikani kwa jina la mhakiki.

Nguzo Mama ya Penina Muhando, ya mwaka 1982, inadai zaidi. Wanawake wa kijiji cha Patata wanajaribu kuisimamisha Nguzo Mama, na Bi Msimulizi anayaunganisha matukio kwa masimulizi. Katika kitabu, nguzo ni ishara, na wanafunzi wa fasihi wameijadili hivyo mara nyingi. Jukwaani ni kitu chenye uzito. Ikiwa nyepesi mno, mtazamaji hataamini kwamba kina mama wanashindwa kuinyanyua. Ikiwa nzito mno, itamwumiza mtu. Uzito wa ishara hiyo hupimwa kwanza na seremala.

Si Dar es Salaam peke yake iliyowalea wanafunzi wa namna hii. Wanafunzi wa Makerere nchini Uganda walianza safari zao za maonyesho mwaka 1965, na wale wa Nairobi wakaanza za kwao mwaka 1974. Katika safari hizo, mchezo uliotayarishwa chuoni ulipelekwa kwa watu mahali walipo. Mwanafunzi aliyezoea ukumbi mmoja alitakiwa kila siku kukikagua upya kituo kingine: upepo unatoka wapi, jua litakuwa machoni mwa nani, watu watasimama upande gani.

4.0 Kurudi kiwanjani

Baada ya mwaka 1980, baadhi ya wanasanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichukua hatua kubwa zaidi. Kupeleka mchezo kijijini kulionekana hakutoshi, maana wanakijiji walibaki watazamaji wa mambo yaliyoamuliwa na wengine. Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi waliongoza kazi ya Malya, katika wilaya ya Kwimba, mwaka 1982 na 1983. Huko wanakijiji walichunguza matatizo yao, wakayatungia maonyesho kwa sanaa walizozijua, na mwisho wakayajadili hadharani. Kazi kama hiyo ilifanyika baadaye Msoga katika mkoa wa Pwani, na Mkambalani katika mkoa wa Morogoro.

Kwa upande wa ufundi, kazi hizo zilikuwa mageuzi. Jukwaa liliachwa, kiwanja kikashika nafasi yake. Taa za kuongozwa ziliachwa. Mchana, au moto na karabai, vikatosha. Ngoma, ngonjera na masimulizi yaliyotumika yalikuwa tayari yameumbwa kwa ajili ya kusikika mahali pa wazi. Ingekuwa kosa kuiita hali hiyo upungufu wa vifaa. Mwanafunzi aliyefunzwa kwamba ufundi ni umeme alilazimika kutambua kwamba mpiga ngoma aliyeketi kando ya moto ni fundi sauti mwenzake, tena mwenye ujuzi wa miaka mingi kuliko yeye.

Wakati huohuo, njia nyingine ilifunguliwa Bagamoyo. Chuo cha Sanaa kilianzishwa huko mwaka 1981, baada ya makundi ya taifa ya ngoma, sarakasi na maigizo kuvunjwa. Tamasha la kila mwaka lililoanza mwaka 1982 liliwapa wanafunzi wake jukwaa la kujipimia mbele ya umma. Ufundi wa jukwaa ukawa somo, na ukumbi mkubwa ukajengwa kwa msaada wa Sweden. Mwaka 2002 ukumbi huo uliungua, nao baadaye ukajengwa upya. Mwaka 2007 chuo kikawa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Moto huo ulidhihirisha tofauti kati ya njia mbili hizo. Ufundi uliotegemea jengo na mitambo yake ulisimama kwa kukosa jengo. Ule wa kiwanjani uliweza kuendelea kesho yake.

5.0 Mikrofoni moja

Ingawa wasomi walirudi kiwanjani, kiwanja chenyewe hakikuwa kimebaki kama zamani. Redio ilikwisha kuingia. Utangazaji ulioanza Dar es Salaam mwaka 1951 uliwazoesha watu kusikia sauti isiyo na mwili, nao ukazaa cheo ambacho wasikilizaji wa Radio Tanzania walikisikia mara kwa mara: fundi mitambo. Mtangazaji alimtaja, lakini yeye mwenyewe hakusikika. Muziki wa dansi nao ulikuwa umeeneza amplifaya na magitaa ya umeme. Mji wa Morogoro, ulio jirani na Kilosa, ulikuwa mmoja wa miji mikuu ya muziki huo. Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka 1944. Ikiwa na Mbaraka Mwinshehe, ilifika hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya mwaka 1970. Katika bendi za wakati huo, umiliki wa vyombo ulikuwa ni mamlaka. Wanamuziki wengi hawakuwa na vyombo vyao. Mwenye navyo aliweza kuajiri, kufukuza na hata kuliita kundi kwa jina alipendalo.

Miaka ya 1990, vikundi vya burudani kama Muungano na Tanzania One Theatre, kilichoanzishwa mwaka 1992, vilikusanya ngoma, kwaya, maigizo, vichekesho na taarabu katika onyesho moja lenye vyombo vya umeme. Watazamaji wakazoea sauti kubwa. Kikundi cha shule au cha kijiji kisicho na spika kikaanza kuonekana cha kizamani.

Hapo ndipo uamuzi wa mwanafunzi anayeshika nyaya unapokuwa mzito. Ichukuliwe hali iliyo ya kawaida: kikundi cha ngoma, jenereta moja, amplifaya moja, spika mbili na mikrofoni moja. Mikrofoni hiyo atapewa mwimbishaji. Sauti yake sasa inafika mbali, ilhali ya waitikiaji imebaki palepale ilipokuwa. Kiitikio, ambacho zamani kilikuwa na nguvu kuliko mstari wa mwimbishaji, kinageuka mwangwi dhaifu nyuma yake. Duara nalo linavunjika. Mikrofoni ikikaa mbele ya spika, sauti itokayo kwenye spika huingia tena katika mikrofoni, ikakuzwa upya, na mzunguko huo huzaa mluzi mkali. Ili kuukwepa, spika hupelekwa mbele ya wachezaji na kutazamishwa upande mmoja; watazamaji hufuata zilikotazama; wachezaji hujipanga mstari. Sanaa iliyokuwa ya duara na ya wengi imekuwa ya upande mmoja na ya mtu mmoja. Hakuna mtunzi aliyeiagiza hali hiyo, wala kiongozi aliyeipitisha. Imetokana na idadi ya mikrofoni.

Katika sanaa za maonyesho kwa maendeleo ya jamii, athari yake huenda mbali zaidi. Lengo la kazi kama ya Malya lilikuwa mjadala. Mwenyekiti akishika mikrofoni, na mama aliye nyuma akawa hana, mjadala umekwisha kabla ya kuanza, hata kama hakuna aliyekatazwa kusema.

Lugha yenyewe pia huathirika. Katika usemi, irabu hubeba sehemu kubwa ya nguvu ya sauti, na konsonanti hubeba sehemu kubwa ya tofauti za maana. Kiswahili kina mfano ulio wazi: “atakuja” na “hatakuja” hutofautiana kwa sauti moja tu, tena iliyo hafifu kuliko nyingi, yaani /h/. Mtambo ukizidishiwa sauti nzito ili kuwafurahisha wachezaji, au upepo ukipiga mikrofoni, /h/ hiyo hupotea, na mkanusho hugeuka uthibitisho. Vivyo hivyo, sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Msikilizaji aliye karibu na spika moja na mbali kwa mita 34 zaidi na ya pili hulipata kila neno mara mbili, la pili likichelewa kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Silabi hupandana. Kwa hiyo fundi sauti wa mchezo wa Kiswahili hawezi kutegemea masikio ya muziki peke yake. Anahitaji pia kujua fonolojia na mofolojia ya lugha anayoikuza.

6.0 Lugha ya ufundi

Yaliyotangulia yanaeleza kwa nini istilahi za kazi hii zinastahili kushughulikiwa na wanaisimu. Neno “kipaza sauti” hutumika kwa kifaa kinachopokea sauti ya msemaji, na hutumika pia kwa kifaa kinachoitoa kwa umma. Katika mazungumzo ya kawaida utata huo hauna madhara. Mwanafunzi anapoambiwa kwa haraka, “Geuza kipaza sauti,” huku mluzi ukilia, utata huo ni hasara, maana vifaa hivyo viwili vinatakiwa kutazamana kwa namna zinazopingana. Ndiyo sababu mafundi wenyewe hupendelea “maiki” na “spika”, ijapokuwa neno hilo la pili limekwisha kushikwa na kiongozi wa Bunge. “Kinasa sauti” huchukuliwa na wengine kuwa mikrofoni na wengine kuwa kifaa cha kurekodia. “Vyombo” huweza kuwa magitaa, spika, sufuria au magari. “Mitambo” hukusanya kila kitu chenye umeme.

Maneno haya hayakuundwa katika kamati. Yalitoka katika bendi, redio na karakana za mafundi, na uhai wake unathibitisha kwamba watumiaji wana mfumo. Kinachokosekana ni kuuandika. Kazi ya kwanza ingekuwa kuwasikiliza mafundi wakiwa kazini na kukusanya maneno yao pamoja na mazingira ya matumizi yake. Ya pili ingekuwa kukusanya msamiati wa kiwanjani: majina ya ngoma kwa sauti zake, vitenzi vya kuwamba na kupasha moto, majina ya nafasi za mwimbishaji na waitikiaji katika Kikaguru, Kisagara na lugha nyingine za Kilosa. Msamiati huo nao ni wa ufundi wa sauti. Ukiachwa, Kiswahili kitakopa jina la kila kitufe, huku kikikosa neno la jambo ambalo wasemaji wake wamelifanya kwa karne nyingi.

7.0 Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa haiendi kwa mstari kutoka moto hadi umeme. Wanafunzi wa Tanzania walijifunza ukumbi, wakarudi kiwanjani, kisha wakakuta kwamba spika zimetangulia kufika huko. Katika kila hatua, uamuzi ulioonekana mdogo, wa mahali pa kusimamisha mtu, taa au mikrofoni, ulikuwa ni uamuzi juu ya umbo la sanaa na juu ya haki ya kusikika.

Kwa mintarafu hiyo, mafunzo ya ufundi wa jukwaa hayapaswi kutengwa na masomo ya Kiswahili kana kwamba ni kazi ya vibarua. Mwanafunzi anayetayarishwa kwa ajili ya mahali kama Munisagara anahitaji kujua waya unaunganishwaje. Anahitaji pia kujua kwamba huenda mikrofoni yake pekee ikafaa zaidi ikiwekwa katikati ya waitikiaji, au ikazungushwa kwa wasemaji wakati wa mjadala, au ikaachwa ndani ya sanduku. Wahakiki nao wanapoandika juu ya onyesho, wamtaje aliyelifanya lisikike. Maadamu jina lake halimo katika maandishi, tamthilia ya Kiswahili itaendelea kusomwa kama kitabu, na maswali yake mengi ya kiwanjani yatabaki bila mtu wa kuyajibu.